Nilivyogeuka Mtu wa Karatasi

Kwenye nyumba yetu, mtu aliyetaka kuandikiana alihesabiwa kuwa ameshakuita mwizi. Baba alikuwa na vyombo, ami zangu walikuwa na vyombo, na sikuwahi kumwona hata mmoja wao akiuza mashua kwa maandishi. Kwetu Tanga, upande wa Sahare, biashara ilimalizikia mchangani maji yakiwa yamekupwa. Chombo kimelala ubavu, mnunuzi anakizunguka taratibu, anagonga mbao kwa kifundo cha kidole asikie ipi imeoza, anachokoa kalafati kwa ukucha, anainama kuutazama mkuku. Halafu bei, kishika uchumba, wazee wawili wa kusikia, fatiha. Ikifika magharibi pwani nzima inajua chombo kile sasa ni cha fulani.

Niliiamini njia hiyo kwa moyo mmoja, hata baada ya kusoma na kuwa mwalimu. Nilimcheka mwalimu mwenzangu wa bara aliyeandikishana na jirani yake kwa ajili ya baiskeli. Leo mimi ndiye ninayeitwa mtaani kuandika mauziano ya vyombo, na wapo wanaosema nimezidi, nauliza maswali kama karani wa mahakama. Waache waseme.

Ami yangu mkubwa aliuza mashua yake kwa kijana aliyewahi kuwa baharia wake. Si mgeni, si tapeli. Pesa ilihesabiwa taslimu, mashahidi walikuwepo, wakapeana mikono. Kijana akapaka rangi mpya, akabadili jina la chombo, akashuka nacho kusini kutafuta riziki. Namba ya usajili iliyochorwa ubavuni hakuigusa. Ya nini aiguse?

Kusi ikapita, kaskazi ikaingia, tukasahau. Kisha asubuhi moja askari wakabisha hodi, wakamuuliza ami kama yeye ndiye mwenye mashua ya namba kadha wa kadha. Akajibu ilikuwa yake, ameshaiuza. Wakamwambia alete hati. Mashua ilikuwa imekamatwa ikiwa na baruti ya kuvulia samaki, mabaharia wamejitupa majini na kukimbilia mikokoni, na kitu pekee kilichobaki mikononi mwa dola ni namba ile, ambayo kwenye daftari la serikali ilikuwa bado na jina la ami.

Anayeijua pwani yetu anajua uzito wa neno baruti. Tanga tulikuwa tukiusikia mlio wake hata tukiwa nyumbani, kishindo kizito kinachokuja juu ya maji, na samaki wenyewe mtu aliwatambua sokoni kwa nyama iliyolegea na mifupa iliyovunjika ndani. Mwaka 2015 serikali iliunda kikosi cha pamoja cha kupambana na uhalifu huo, na 2018 ikaja Operesheni Jodari ya doria za baharini. Hakukuwa na mchezo tena. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 inaruhusu chombo kilichotumika katika kosa kutaifishwa, na wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye usajili.

Ami alilala ndani. Kati ya wale wazee wawili waliosikia mauziano, mmoja tulikuwa tumeshamzika, na mwingine alikuwa dagoni, kambi ya wavuvi, huko Pemba, simu yake haipatikani. Mnunuzi hajulikani alipo. Nilipompelekea ami chupa ya chai na kikoi cha kubadilisha, aliniambia kitu ambacho sijaacha kukifikiria: "Mwanangu, yule kijana hakunidhulumu hata senti." Alikuwa akisema kweli. Mauziano yao yalikuwa safi kabisa kati yao wawili, na bado yeye yuko kituoni.

Kilichomtoa kilikuwa ni karatasi, ingawa hakuiandika yeye. Mkewe, bila kumwambia mtu, alikuwa amezipeleka benki zile pesa za mashua kesho yake, na stakabadhi ameikunja ndani ya msahafu wake. Ilikuwa na tarehe, na kiasi kililingana na bei ambayo pwani yote iliijua. Yule shahidi wa Pemba alipopatikana akataja kiasi kile kile na siku ile ile. Ndipo ami akarudi nyumbani.

Mpaka hapo nilikuwa nikidhani karatasi ni kinga ya mnunuzi, maana yeye ndiye anayetoa pesa. Kwa nyumba au kiwanja huenda ikawa hivyo. Chombo cha bahari ni kitu kingine, kwa sababu kinaondoka. Mnunuzi anaondoka na chombo, muuzaji anabaki na jina, na jina hilo linaendelea kusafiri kwenye bandari asizozijua, likibeba mizigo asiyoipakia na abiria asiowapandisha. Anayeihitaji zaidi ile hati ni muuzaji. Nimeshamwambia hivyo kila mzee wa pale pwani, na wengi hunitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Nilikwenda kuitafuta sheria nikitegemea itamsuta baba. Haikumsuta. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, tuliyoirithi kwa Mwingereza, inasema mauzo ya kuanzia shilingi 200 hayawezi kudaiwa mahakamani mpaka moja kati ya mambo matatu liwe limefanyika: mnunuzi amekipokea kitu au sehemu yake, au ametoa malipo ya kufunga biashara, au kuna maandishi yenye sahihi. Shilingi 200! Siku hizi ni bei ya andazi. Lakini tazama hilo la pili: ni kishika uchumba chetu kile kile, kimo ndani ya sheria. Kwa hiyo baba na ami walikuwa na haki tangu mwanzo, kati ya muuzaji na mnunuzi. Ila sheria hiyo haimfundishi askari wa doria aliyeko kilomita mia kutoka Sahare atajuaje nani alimpa nani kishika uchumba.

Ami mwenyewe hakuwa mwepesi wa kukubali. Alishika dini. Akasema aya ya 282 ya Suratul Baqara, ile ndefu kuliko zote, inaamrisha kuandikiana madeni, lakini biashara ya mkono kwa mkono imeiondolea lawama isipoandikwa. Shangazi, anayesomesha chuoni, akamjibu akiwa anachambua mchele, bila hata kuinua uso: aya hiyo hiyo inataka mashahidi mnapouziana, na hata hivyo, ni mashua ngapi siku hizi zinauzwa mkono kwa mkono? Nusu leo, nusu baada ya bamvua mbili tatu, nyingine samaki wakipatikana. Hilo ni deni, na deni liandikwe. Ami akanyamaza. Kwetu hiyo ni sawa na kukubali.

Basi nikaanza kuandika. Hati yenyewe si ndefu. Majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, picha ndogo za wote wawili, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kilicholipwa na kilichobaki, siku na saa ya kukabidhiana. Saa naisisitiza, kwani chombo kinaweza kukamatwa usiku wa siku ile ile. Mashahidi nachagua angalau mmoja kijana, tena asiyevua; nimejifunza. Halafu muhuri wa serikali ya mtaa, na kama bei ni kubwa, wakili. Hayo yanapita haraka.

Kinachochukua muda ni mashine. Watu wananunua mashua wakidhani wamenunua mbao, kumbe thamani imening'inia shetri. Mashine ya nguvu ya farasi 40 ikiwa nzima inaweza kuzidi bei ya chombo chenyewe, na ndiyo inayoibwa. Kwa hiyo hati isiyo na namba ya mashine siiandiki. Namba iko kwenye kibati kidogo pale mabano yanapoibana mashine kwenye ubao wa nyuma, na chumvi inakila kibati mpaka tarakimu zinabaki kama makovu. Nakwenda na kipande cha karatasi nyembamba na penseli. Naweka karatasi juu ya kibati, nasugua risasi ya penseli kiubavu, taratibu, na namba inapanda yenyewe, nyeupe ndani ya weusi. Karatasi hiyo naibandika kwenye hati. Safari moja kibati kilikuwa kimekwanguliwa kikawa laini, namba hakuna. Nikafunga daftari langu nikaaga. Muuzaji alinifuata mpaka barabarani akinishutumu kwamba namharibia riziki. Mnunuzi hakusema kitu, ila pesa alirudisha mfukoni.

Yapo pia maneno matatu ninayoyakataa: "na vyake vyote." Yameshavunja udugu wa watu. Muuzaji akilini mwake anauza chombo, foromali na tanga. Mnunuzi ameshahesabu nyavu, nanga mbili, na kasha la barafu. Siku hizi naorodhesha mpaka kamba ya nanga na urefu wake kwa pima.

Na madeni. Mashua nyingi zina tajiri nyuma yake, mnunuzi wa samaki aliyetoa pesa ya mashine kwa sharti kwamba samaki wote wauziwe yeye. Deni hilo halionekani mtu anapozunguka chombo mchangani, na aliyeuziwa hulijua siku tajiri anapokuja kuichukua mashine yake. Kwa hiyo namtaka muuzaji atamke mbele ya mashahidi, na sahihi yake chini, kwamba chombo hakidaiwi na mtu. Kama kinadaiwa, tajiri naye aje aketi mkekani. Mabaharia vilevile: waliochukua pesa mapema kwa mwenye chombo wa zamani, watamlipa nani? Hakuna jibu moja, ila liandikwe.

Kubwa kuliko yote ni daftari la serikali, na hapo ndipo watu huchoka. Wakishapata muhuri wa mtaa wanaona wamefika. Hawajafika. Mauziano yanatakiwa yafike kwa kamati ya usimamizi wa fukwe, BMU, kisha kwa afisa uvuvi wa halmashauri, usajili ubadilishwe jina. Leseni ya mwaka nayo ni ya aliyeikata, kwa hiyo mnunuzi akate yake. Chombo cha kubebea watu au mizigo kina upande wake wa TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini, ambalo tangu 2018 limechukua kazi za majini zilizokuwa za SUMATRA. Na mnunuzi akiwa wa Pemba au Unguja, shughuli ni mbili, kwa sababu uvuvi si jambo la Muungano: Zanzibar ina sheria zake za uvuvi na Mamlaka yake ya Usafiri Baharini. Chombo kifutwe huku, kiandikishwe kule. Ndugu zetu wa Kojani wamekuwa wakija kuvua kwetu tangu enzi za mababu bila kumuuliza mtu mpaka uko wapi, na hili linawaudhi. Nawaelewa. Lakini mwenye jina huku Tanga ndiye atakayegongewa mlango, kwa hiyo muuzaji namshauri asingoje mnunuzi ashughulike. Aende yeye na hati yake kwa afisa uvuvi, aombe nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Sasa zamu imefika kwangu. Baba ametangulia mbele ya haki na ameacha mashua, na mimi ndiye niliyeteuliwa na kikao cha familia, Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Mnunuzi tunaye, bei tumekubaliana, na mzee mmoja ameshaniuliza kwa nini nisichukue pesa za watu wakati kila mtu anajua mimi ni mtoto wa marehemu. Nimemwambia mashua hii ni ya warithi wote, na kaka yetu mdogo yuko Maskati, hajatuma ridhaa yake. Ameahidi kwenda ubalozini Ijumaa. Wakati tunamngoja, jua linazikausha mbao na nyufa zinaachia, hivyo nimemleta fundi atie kalafati mpya ya pamba na mafuta ya sifa. Amefanya kazi nzuri. Nilipomdai risiti alicheka sana, akaniuliza kama hata pamba naitaka kwenye hesabu ya mirathi. Nikamwambia ndiyo, aandike na pamba.