Msamvu, Njia Panda ya Mitambo ya Kale

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi, ukisha kwenda kilomita 190 hivi, utaiona milima ya Uluguru mkono wa kushoto, vilele vyake vimejifunika mawingu. Punde si punde wafika Msamvu. Hapa ni njia panda: barabara moja yaelekea Dodoma, ya pili Iringa, ya tatu yaingia mjini Morogoro. Simama kidogo kituoni utazame mizigo. Utaona mikungu ya ndizi, viroba vya mchele, magodoro, na pengine kompyuta za mitumba zilizofungwa kamba, zapelekwa dukani au shuleni.

Hizo zaenda kazini. Je, zile zilizochoka huishia wapi? Nyingi hutupwa stoo, halafu hupimwa kwa kilo pamoja na masufuria mabovu. Juu ya hizo ndipo nataka tuzungumze.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaokusanya kompyuta za zamani na kuzifufua, kama wengine wakusanyavyo stempu. Hawatafuti faida, ni burudani yao baada ya kazi. Hutafuta mathalan Apple II ya mwaka 1977, au Commodore 64 ya mwaka 1982, au IBM ile iliyotolewa Agosti 1981, ambayo ya bei ndogo kabisa ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Picha moja ya simu ya leo haienei humo hata kidogo!

Huenda utasema: huo ni mchezo wa wenye fedha. Basi sikia habari ya Colossus. Mtambo huo Waingereza waliutumia katika vita kuu ya pili kufumbua barua za siri za Wajerumani. Vita vilipokwisha, karibu yote ilivunjwa. Mwaka 1993 mhandisi Tony Sale na wenzake walianza kuujenga upya huko Bletchley Park, wakitegemea picha chache, vipande vya michoro, na kumbukumbu za wazee. Walimaliza mwaka 2007. Kuvunja kulikuwa kazi ndogo. Kurudisha kukachukua miaka 14.

Nasi tunayo historia yetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikalegezwa baadaye. Kwa hiyo wakati wenzetu ng'ambo walipokuwa wakinunua mashine hizo ndogo kwa ajili ya nyumba zao, kwetu zilikuwa adimu sana. Ndiyo maana ile kuukuu iliyobaki katika stoo ya shule, chuo, ofisi au parokia yafaa itazamwe mara mbili kabla ya kuuzwa. Si chuma tu, ni shahidi.

Tena huenda imebeba kitu ndani. Majina ya wanafunzi, hesabu za ushirika, nyimbo za kwaya: mengi yaliandikwa katika disketi, na kompyuta za siku hizi hazina mahali pa kuziingiza. Ukiitupa mashine ya zamani, pengine umetupa na ufunguo wa sanduku lako.

Ukiipata moja, usikimbilie kuichomeka katika umeme. Kwanza tazama nyuma: nyingine zina swichi ya volti 110 na 230, na umeme wetu ni wa 230. Pili, ifunguliwe na kutazamwa betri ndogo iliyoshika saa. Katika mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 betri hiyo huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba mpaka zikatike. Fundi huitoa, hupangusa ukoko kwa siki kidogo, kisha husafisha kwa spiriti na kuacha pakauke kabisa. Tatu, zile runinga zake za chogo usizifungue kamwe. Umeme mkali hukaa ndani hata baada ya kuchomolewa, nao waweza kuua. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefundishwa.

Nanyi wazazi, wakatazeni watoto kuchoma nyaya ili wapate shaba. Moshi wake ni sumu, na kioo cha chogo kina madini ya risasi. Shilingi chache za shaba hazilipi kifua cha mtoto.

Basi, siku utakapopita Msamvu na kuona mashine kuukuu juu ya mkokoteni wa vyuma chakavu, muulize mwenyewe ilitoka wapi. Kama kijijini kwako iko moja, itafutieni mahali pakavu, ifunikwe kitambaa, na iandikwe kwenye karatasi: ilikuja mwaka gani, nani waliitumia, kwa kazi gani. Hayo hayahitaji fedha. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.