Kutoka Likoni Hata Msambweni

Msomaji mpenzi, ikiwa hujapata kusafiri katika pwani ya kusini, nifuate kidogo. Mimi ni karani, na kazi yangu hunipitisha njia hii mara kwa mara.

Safari huanzia majini. Atokaye kisiwa cha Mombasa huvuka kwa feri. Aendaye kwa miguu halipi kitu. Wazee wengi hawapandi chombo hicho bila kukumbuka tarehe 29 Aprili, 1994, feri ya Mtongwe, kivuko cha jirani, ilipopinduka wakafa watu 272. Ukifika Likoni utasikia makanga wakiita: Ukunda! Msambweni! Lunga Lunga! Barabara hupita Kombani, penye njia panda ya Kwale, kisha Tiwi hata Ukunda. Hapo wageni hupinda kushoto kwenda mahoteli ya Diani, nasi wenyeji huendelea kupita minazi na mikoko ya Gazi hata Msambweni.

Magari yatuchukuayo ni matatu. Jina hilo husemwa limetokana na nauli ya zamani ya senti 30, yaani mapeni matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kuchukua abiria bila leseni maalumu. Na mwaka 2004 serikali iliamuru yawe na mikanda na vidhibiti mwendo. Hata hivyo, mengi hayaondoki kwa saa, bali huondoka yajaapo. Sababu yake ni hii: mwenye gari hudai hesabu yake kila jioni, na dereva na makanga hula kinachobaki. Kiti kitupu ni chakula chao kilichopotea.

Jumatatu moja ya masika nilikuwa Ukunda ndani ya gari la viti 14. Viti vitatu vilikuwa vitupu, na mvua ilikuwa ikinyesha. Mbele yangu alikaa mama mmoja amempakata mtoto mwenye homa kali, akimpeleka hospitali ya Msambweni. Alimsihi makanga gari liondoke. Makanga alijibu, "Bado watatu, mama." Basi sote tukaanza kumlaumu: huyu akamwita hana utu, yule akataja serikali. Mimi nilitazama saa yangu.

Ndipo mzee mmoja wa Kidigo akauliza, "Mwanangu, viti hivyo vitatu ni pesa ngapi?" Alipotajiwa, alivua kofia yake, akatia noti ndani, akaipitisha. Mchuuzi wa samaki alitia, mwanafunzi alitia. Mimi, mwenye mshahara wa kila mwezi, nilitia wa mwisho. Makanga alihesabu, akachukua nauli ya viti viwili, akarudisha iliyobaki. "Cha tatu ni changu," alisema, akagonga bati, gari likaondoka.

Tulipofika Msambweni dereva hakusimama kituoni kwanza, bali alimfikisha mama yule mpaka langoni mwa hospitali. Habari za mtoto sikuzipata tena.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo moja. Tulikuwa watu wazima kumi ndani ya gari lile, na kila mmoja alikuwa na maneno ya kumwambia makanga. Aliyeuliza bei alikuwa mmoja tu. Ratiba njema tuidai kwa wahusika, maana ni haki yetu. Lakini mgonjwa hangoji ratiba, na kidole kimoja hakivunji chawa.