Babu Alipofufuka: Kitenzi, Kishazi na Herufi

Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2001, aghalabu huwekwa fungu moja na Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, yaani riwaya zilizoupa kisogo uhalisia. Mzuka wa Babu unamjia mjukuu wake, K, kigogo aliyezama katika anasa na ufisadi, na kumchukua safarini akayaone aliyoyafumbia macho. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba uzito wa kisa hiki umebebwa na teuzi tatu za lugha, na kwamba uhakiki wetu haujazitendea haki.

Tuanze na kitenzi. Mwandishi angeweza kutumia -zuka, kilichotupatia nomino mzuka. Angeweza pia kutumia -tokea au -rudi. Alichagua -fufuka, kitenzi cha mahubiri, kisha akakitumia kinyume cha matarajio. Siku ya Kiyama wafu hufufuliwa: yuko awafufuaye, nao huinuka ili wahukumiwe. Babu hafufuliwi, bali anafufuka. Kitenzi hakimtaji mtenda, na anayesomewa mashtaka ni yule aliye hai.

Uteuzi wa pili ni kishazi. Babu akifufuka ingekuwa sharti. Babu amefufuka ingekuwa habari. Kiambishi -po- kinachukulia kwamba tukio limekwisha kutokea na linajulikana, kisha kinamwacha msomaji akingojea kishazi huru ambacho jalada halikitoi. Riwaya nzima ndiyo kishazi hicho.

Uteuzi wa tatu ni jina la mhusika, yaani herufi tupu. Msomaji wa Franz Kafka atamkumbuka mara moja K. wa Das Schloss (1926). Ulinganisho huo ni halali, lakini mjadala niliouendesha na wanafunzi wangu wa uzamili hapa Kericho umenifundisha kwamba hautoshi.

Mmoja wao, Mkipsigis wa Bomet, alikipinga kitenzi chenyewe. Kwao, alisema, mzee hafufuki kwa kuwa hakuondoka. Katika kurenet, majina ya marehemu wa ukoo hutajwa moja baada ya jingine mbele ya mtoto mchanga; anapopiga chafya, jina lililotajwa ndilo lake, na mzee huyo amerejea. Oiik, mizimu ya ukoo, ni jamaa wa nyumbani. Kisha akaongeza kwamba kaburi la babu wa babu yake limo ndani ya shamba kubwa la chai, katika ardhi iliyotwaliwa na wakoloni. "Huyu hakufa akafufuka," alisema. "Alifunikwa kwa michai." Darasa lilinyamaza. Wote waliijua historia hiyo, pamoja na ile ya Watalai waliohamishiwa Gwassi kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1934, mbali na makaburi yao.

Pingamizi hilo ni zito, lakini kwa maoni yangu haliiangushi riwaya, linaifunua. Afufukaye sharti awe amekwisha kufanywa mfu, na aliyemfanya Babu kuwa mfu ni mjukuu wake. Kitenzi -fufuka, basi, kinamsema K kuliko kinavyomsema Babu. Vivyo hivyo herufi: mrithi aliyebakiwa na herufi moja hana jina ambalo ukoo ungeweza kulitaja hata mtoto akapiga chafya.

Hapa ndipo istilahi tuliyoizoea, uhalisia mazingaombwe, inapohitaji kuhojiwa. Mazingaombwe ni kiinimacho. Kwa msomaji wa nchi ya chai, marehemu kusema na mjukuu wake si kiinimacho. La kustaajabisha ni mjukuu kushtuka. Tunapoibandika istilahi hiyo bila kuuliza ajabu ni ya nani, tunaisoma riwaya kwa macho ya K, naye ndiye mshtakiwa. Watafiti wetu chipukizi wangefanya jambo la maana kuipima upya kwa kuanzia na dhana ambazo lugha zetu zinazo tayari kuhusu wafu.