Chembe cha Mshale

Katika darasa langu la jioni hapa Kisenyi, Kampala, neno "mshale" limekwisha kupoteza mti na chuma chake. Wanafunzi wengi hulijua kama alama ya barabarani, au kama ile alama ndogo itembeayo katika kioo cha kompyuta. Ukiwauliza mshale una sehemu ngapi, hujibu: ncha na mkia. Lugha yetu, ndugu walimu, ina utajiri kupita huo. Kijiti cha mshale ni wano. Kichwa chake ni chembe, nacho kikiwa cha chuma huitwa pia kigumba. Kamba ya uta ni upote. Na mfuko wa kuchukulia mishale ni podo au ziaka.

Maneno haya hayakuzaliwa kwa urembo. Mjomba wangu, aliyekuwa mwindaji huko West Nile, alinifunza utotoni kwamba mshale huchaguliwa kwa kadiri ya mnyama. Kwa kanga, kwale na sungura hakutumia chuma. Alichukua mshale wa mti mtupu, ama uliochongwa ncha na kukaushwa motoni, ama ulioachiwa kichwa butu mfano wa rungu dogo. Sababu zake zilikuwa tatu. Kwanza, chuma ni ghali, na mshale uliokosa shabaha hupotelea majanini. Pili, kichwa butu humwangusha ndege kwa kishindo, bila kuipasua nyama ambayo tangu hapo ni chache. Tatu, mshale butu haung'ang'anii tawini. Huanguka, nawe ukauokota.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, hufuata hekima iyo hiyo hata leo: mshale wa mti kwa ndege na pimbi, wa chuma kwa wanyama wakubwa zaidi, nao hupakwa sumu kwa ajili ya pundamilia na twiga. Vyembe vya chuma huvifua kutokana na misumari waipatayo kwa kubadilishana, wakiiponda ikiwa baridi. Chembe chenye sumu huviringishiwa ukanda wa ngozi, kisimkwaruze mchukuzi, wala sumu isikauke. Kuuchukua mshale, basi, ni elimu sawa na kuulenga.

Nilipotaka kuyafundisha haya, nilimwendea fundi mmoja wa vyuma hapa mtaani, akanipondea msumari wa inchi sita hata ukawa chembe kipana cha kupendeza. Siku ya pili yake alinijia mama mmoja wa Kisomali, mzazi wa mwanafunzi wangu. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, sisi tulikimbia silaha. Mbona watoto wetu wazikuta darasani?"

Lilikuwa swali zito. Kisenyi ni makao ya Wasomali wengi, na si wachache miongoni mwao walioletwa na vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali yao mwaka 1991. Zaidi ya hayo, sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 yakataza kuwinda bila kibali. Nao Wabatwa wa Bwindi, mabingwa wa upinde na mshale, walitolewa msituni mwaka ule ule wa 1991, msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa. Je, kulifundisha jina la chombo cha kazi iliyokatazwa ni kuichochea kazi hiyo?

Sikumjibu kwa hoja. Nilimwonyesha mishale ya mti, kisha kile chembe, jinsi nilivyokwisha kukifunga kwa kitambaa na uzi kabla ya kukileta darasani. Alikishika kitambo, halafu akasema kwamba kwao mababu walikuwa na sumu ya mishale iitwayo waabaayo, itokayo mtini. Nilifurahi sana, kwa maana neno hilo limesafiri mbali. Ndilo lililozaa jina la wabaini, ambayo mwanakemia Mfaransa Arnaud aliitenga kutoka katika mti wa jamii ya Acokanthera mwaka 1888. Katika karne ya 20 madaktari wa Ulaya waliitumia, kwa kipimo kidogo sana, kuutibu moyo. Sumu iliyousimamisha moyo wa mnyama ikaja kuusaidia moyo wa binadamu.

Tulikubaliana: chembe cha chuma kikae kabatini nyumbani kwangu, na mishale ya mti itumike. Jioni ile mama yule aliketi nyuma ya darasa. Niliandika ubaoni: chembe cha mshale, na chembe cha moyo, yaani pale chini ya kifua, mbavu zikutanapo. Mwanafunzi mmoja akauliza kama majina hayo yamefanana kwa kuwa cha kwanza hukilenga cha pili. Nikamwachia swali lake aende nalo nyumbani.

Kwa wengi wetu uwindaji umekwisha, na ni heri wanyama wapumzike. Lakini busara ya kuchagua chombo kwa kadiri ya kazi, na kukichukua pasipo kumdhuru mwenzio, haikukatazwa na sheria yoyote, nayo imehifadhiwa katika maneno haya. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Basi tutawafundisha watoto wengi ambao babu zao wana majina yao wenyewe ya vichwa vya mishale. Kila mwalimu na awaulize wazee wa mahali pake, ayaandike majina hayo kando ya wano, chembe na podo, kisha ayalete katika kurasa hizi.