Naivasha, kwa Furukombe

Kabla ya safari hii, furukombe nilimjua kwa picha tu: yule ndege wa rangi ya chungwa aliye kwenye bendera ya Zambia. Nilitaka kumwona akiwa hai, na mahali pa kumtafuta ni Ziwa Naivasha, kilometa 90 hivi kutoka Nairobi. Majirani wa ziwa hili, Elementaita na Nakuru, ni maziwa ya magadi; Naivasha lina maji baridi, na mla samaki hawezi kutaka zaidi. Matatu iliteremka Bonde la Ufa asubuhi, na kabla jua halijawa kali nilikuwa kwenye boti, nimevaa jaketi la kuokolea, mbele ya mzee aliyenionya kwamba viboko hatutawasogelea.

Furukombe tulimsikia kabla ya kumwona. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka ya karibuni, na migunga mingi ya ukingoni imekufa ikiwa imesimama. Juu ya mmoja walikaa wawili, vichwa na vifua vyeupe pe, tumbo hudhurungi, mabawa meusi. Walitupa vichwa nyuma, wakaita kwa kupokezana, mlio mkali uliovuka maji hadi ng'ambo.

"Mwenye sauti nyembamba ni dume," mzee alisema. "Yule mkubwa ndiye mama."

Jike huweza kufika kilo 3 na nusu, ilhali dume ana kilo 2 na kidogo. Wakishaoana hukaa pamoja miaka na miaka, na wito ule huwaambia majirani kwamba kipande hiki cha ufuko kina wenyewe.

Mzee alichukua samaki kwenye ndoo. "Nimrushie, mwanangu?" Wageni wengi hupenda hivyo: mluzi mmoja, samaki anaelea, ndege anashuka, picha inapigwa.

"Tusubiri, mzee. Nataka kumwona akijitafutia."

Alizima injini. Tulisubiri sana, na kule kusubiri ndiko kulikonifunza mengi kuliko picha yoyote. Furukombe hashindi akirukaruka. Sehemu kubwa ya siku yake ni kukaa kwenye tawi moja, akigeuza kichwa polepole na kusoma maji. Mnandi alipita, korongo akahama, yeye hakujali.

Kisha dume akajiachia. Hakupiga mbizi: aliteleza chini karibu na uso wa maji, akanyoosha miguu mbele, akakwapua, akainuka. Nyayo zake zina vijiba vinavyokwaruza, ndiyo maana perege mwenye utelezi hakuchomoka. Samaki akimzidi uzito, mzee alinieleza, ndege humburuta juu ya maji hadi nchi kavu, na pengine hupiga kasia kwa mabawa. Tena si kila mlo ni wa jasho lake. Akimwona korongo au mdiria na samaki mnono, humnyang'anya.

Tulizunguka mafunjo hadi kwenye mgunga ulio hai, penye kiota cha vijiti, kikubwa kupita meza ya chakula, kwani jozi hurudi kukiongeza mwaka baada ya mwaka. Jike hutaga mayai mawili hivi, nao wazazi hupokezana kuyaatamia kwa wiki sita. Kinda hukaa kiotoni zaidi ya miezi miwili kabla ya kuruka, na hata hapo safari bado. Kwenye tawi la chini tulimkuta kijana mmoja wa kahawia yenye michirizi, bila weupe wa wazazi wake. Atahitaji miaka kadhaa kuupata. Alishuka majini, akakosa, akarudi tawini.

Nilipouliza kinachomsumbua ndege huyu, mzee alielekeza mkono upande unakoingia mto Malewa. Mvua ikinyesha milimani, mto huteremsha udongo wa mashamba na ziwa linakuwa kama chai ya maziwa. Furukombe huwinda kwa macho, na samaki wake ni yule aliye karibu na uso wa maji. Pakichafuka, hata aliye chini kidogo tu hamwoni. Ninaamini wanaosema kwamba kumlinda kuanzie huko juu, kwenye kingo za mto na matuta ya mashamba, kabla ya kuanzia kwenye boti zetu. Mzee naye anataka hivyo. Nyavu za wanawe zinategemea maji yale yale.