Bwana Minziro na Majaruba ya Mpunga

Katika nchi yetu ya Shinyanga kila mtu aijua kazi ya majaruba. Kabla ya mvua mkulima huinua matuta kuzunguka shamba lake, ili maji yakija yasimame na mpunga upate kumea. Kazi hiyo yaumiza mgongo, wala haina shangwe. Siku ya mavuno watu husifu mpunga. Hatujasikia bado mtu akilisifu tuta. Leo twataka kuwaeleza habari za mtu mmoja ambaye kazi yake katika mchezo wa mpira imefanana na kazi hiyo. Tena twataka kuungama kosa letu wenyewe, kwa maana habari zake ndizo zilizotuonyesha kosa hilo.

Mtu huyo ni Bwana Fred Felix Minziro, ambaye wapenda mpira humwita Majeshi. Katika ujana wake alikuwa mlinzi wa upande wa kushoto katika timu ya Yanga ya Dar es Salaam. Na mlinzi, kama mjuavyo, hatajwi sana. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja hubebwa mabegani. Bali mlinzi akizuia mara tisa na kukosea mara moja, ile moja ndiyo izungumzwayo njia nzima hata nyumbani.

Alipokwisha kucheza alishika kazi ya kufundisha. Katika msimu wa 2012/13 alikuwa msaidizi wa Ernie Brandts, Mzungu wa Uholanzi, katika timu ile ile ya Yanga, na mwaka huo Yanga ikatwaa ubingwa wa nchi. Mtu aliyeijua Yanga tangu ujana wake akakubali kuwa wa pili nyumbani mwake. Sisi tulipozisikia habari hizo zamani hatukuzitia maanani. Tulidhani kuwa wa pili ni jambo jepesi.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Katika msimu wa 2016/17 aliifundisha Singida United, timu iliyokuwa katika daraja la chini, akaipandisha mpaka Ligi Kuu. Ilipokwisha kupanda, timu ikapewa Hans van der Pluijm wa Uholanzi. Bwana Minziro akaenda KMC ya Kinondoni, nayo ikapanda mwaka 2018. Ilipokwisha kupanda, ikapewa Etienne Ndayiragije wa Burundi. Ndipo akaja kwetu huku Kanda ya Ziwa, katika mji wa Geita.

Geita ni mji wa dhahabu. Dhahabu ilichimbwa huko tangu miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Nchi yetu hii imezoea kuona vitu vya thamani vikitoka ardhini na kwenda mbali. Ndivyo ilivyo Geita, na ndivyo ilivyo kwetu Mwadui, ambako almasi iligunduliwa mwaka 1940. Wachimbao ni wengi, lakini wavaao ni wengine. Pengine kwa sababu hiyo watu wa huku wapenda sana timu zao, kwani timu ni kitu wasichoweza kuchukuliwa na gari la mgodi. Mwadui nayo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2015, ikifundishwa na Bwana Jamhuri Kihwelo, aitwaye Julio, ambaye naye alikuwa mlinzi zamani, katika timu ya Simba.

Basi, mwaka 2021 Geita Gold ikapanda Ligi Kuu mikononi mwa Bwana Minziro. Je, mwajua aliyekabidhiwa timu ilipokwisha kupanda? Ni Ndayiragije yule yule.

Hapa twaacha kidogo habari za Geita, tuseme za kwetu. Mwaka ule ule wa 2021 tulikuwa tukifundisha katika shule moja ambayo hatutaitaja. Kwa muda wa miaka mitatu, kila jioni baada ya masomo, tuliwafundisha wavulana mpira. Tulianza na watoto ambao wote walikimbilia mpira pamoja kama kuku wakimbiliavyo mtama. Tuliwafundisha kusimama mahali pao, kutazama kabla ya kupiga, na kumpa mwenzao. Viatu hawakuwa navyo, na milingoti tuliikata wenyewe porini. Mwaka wa tatu wakashinda shule zote za kata. Ikawa sasa waende kushindana wilayani.

Juma lile tuliitwa, tukaambiwa kwamba yuko mwalimu mwingine, mgeni katika shule, ambaye amepata kucheza mpira katika timu kubwa kuliko sisi. Yeye ndiye atakayewachukua watoto. Sisi tukaambiwa tubaki na darasa letu. Hatukujibu neno, lakini moyo wetu ulijaa uchungu.

Siku moja kabla ya safari, jioni, alikuja nyumbani kwetu mtoto aliyekuwa mlinda mlango. Alisimama mlangoni akatusalimu, kisha akasema, "Mwalimu, naomba unionyeshe tena namna ya kusimama wakati wa penalti." Tulikuwa tumemwonyesha mara nyingi, naye alitaka kuonyeshwa mara moja tu zaidi, apate kulala vema. Sisi tukamjibu, "Kamwulize mwalimu wako."

Alisimama kidogo, kisha akaenda zake. Kesho yake walishindwa. Hatusemi walishindwa kwa ajili ya neno letu. Yamkini wangeshindwa vivyo hivyo. Lakini tangu siku ile mtoto yule alitusalimu kwa heshima kila asubuhi, wala hakutuuliza neno tena. Hiyo ndiyo hasara tuliyopata, na tuliitafuta wenyewe.

Mwisho wa mwaka ule, tukiwa dukani tumekaa na wazee, tukasikia katika redio kwamba Geita Gold imeanza ligi vibaya. Ndayiragije ameondoka, na timu imerudishwa kwa Bwana Minziro. Mzee mmoja akacheka, akasema, "Mimi nisingerudi. Wangeniona nimekaa kivulini." Watu wote wakacheka naye. Sisi hatukucheka, kwa maana tulisikia sauti yetu kinywani mwa mzee yule.

Bwana Minziro alirudi. Akaipokea timu iliyo chini, akaanza kuinua matuta upya. Msimu ulipokwisha, mwaka 2022, Geita Gold ilikuwa ya 4 katika Ligi Kuu, nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Mchezaji wake George Mpole alifunga mabao 17, akampita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, akawa mfungaji bora wa nchi nzima. Mwaka huo huo timu ya mji wa wachimbaji ikacheza mashindano ya Afrika, ingawa ilitolewa mapema na Hilal Al-Sahil ya Sudan.

Hatusemi kwamba kazi njema hudumu milele. Baadaye yeye aliondoka, na mwaka 2024 Geita Gold ikashuka daraja. Mvua kubwa hubomoa matuta, hata yaliyojengwa vizuri. Lakini mwaka huo huo Pamba Jiji ya Mwanza, ambayo ilikuwa imepanda na kuanza kwa taabu, ikamwita, naye akaenda. Na msimu ulipokwisha Pamba ikabaki Ligi Kuu.

Sisi nasi tuliposikia habari za redio ile hatukulala vema. Juma lililofuata tulikwenda kwa mwalimu yule mgeni, tukamwomba radhi, kisha tukamwuliza kama ana kazi kwa ajili yetu. Alishangaa kidogo, akasema, "Karibu, ndugu. Walinda mlango hawana mtu." Tangu siku ile sisi ni wa pili, na kazi yetu ni kuwafundisha hao. Lakini yule mtoto aliyekuja mlangoni kwetu alikuwa amekwisha kumaliza darasa la saba, ameondoka. Yeye hatukuwahi kumwonyesha.

Ndugu waalimu, ninyi mnaofundisha darasa la kwanza kushika kalamu, mwajua kwamba siku mtoto apatapo cheti jina lenu halitatajwa. Nanyi wazazi, mwajua nani alifukuza ndege shambani. Si vibaya kutamani kutajwa, maana sisi sote tu wanadamu. Vibaya ni kumfungia mlango mtoto kwa sababu watu wazima wametunyima sifa. Mpunga haujui ni nani aliyeinua tuta. Wajua tu kama maji yapo au hayapo.