Zana Moja, Mikono Mingi: Funzo la Kifaa cha Kuendeshea Treni ya Kompyuta

Kila wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, huja na lalamiko lile lile. Zana ni moja, watoto ni sabini. Mwalimu akiitoa zana kabatini, huhofu kwamba itavunjwa. Akiiacha kabatini, somo huwa la maneno matupu. Wengi huishia katika njia ya tatu, nayo kwa nje huonekana kuwa ya busara: mwalimu huishika zana yeye mwenyewe mbele ya darasa, na watoto huitazama kwa mbali hali wamefunga mikono kifuani. Katika kumbukumbu za somo huandikwa kwamba zana ilitumika. Swali letu ni hili: ilitumiwa na nani?

Katika makala hii tutajaribu kulijibu swali hilo kwa kueleza habari za kifaa kimoja ambacho hakikukusudiwa kabisa kwa ajili ya shule. Jamaa yetu aishiye Marekani alituletea zawadi ya kifaa kiitwacho RailDriver, kitengenezwacho na kampuni ya P.I. Engineering ya jimbo la Michigan. Kazi yake ni kuendeshea treni katika michezo ya kompyuta, kama vile Train Simulator uliotolewa na Microsoft mwaka 2001. Mwanachuo asidhani kwamba tunamshauri akinunue. Tunakileta hapa kwa sababu kimetufunza jambo juu ya zana zote, hata zile za mabua na maboksi.

Kifaa chenyewe ni kama meza ndogo ya dereva, nacho huunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja. Juu yake imepangwa mipini. Upo mpini wa kuchagua kwenda mbele au nyuma, mpini wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, mpini wa breki ya treni nzima, na mpini wa breki ya kichwa cha treni peke yake. Pembeni zipo swichi za kuzungusha, za taa na za kufutia kioo, na chini yake vipo vitufe vya honi, kengele na mengineyo. Kidirisha kidogo huonyesha kasi kwa tarakimu. Kabla ya kukitumia, ni lazima kila mpini usukumwe hadi mwisho wake wa huku na wa kule, ili kompyuta ijue mpini huo unaanzia wapi na unaishia wapi.

Mchezo huo huo waweza kuchezwa kwa kibodi ya kawaida bila mpini wowote, na ndivyo tulivyoucheza sisi kwa miezi mingi. Ukitaka nguvu, unabonyeza kitufe. Ukitaka zaidi, unabonyeza tena. Treni huenda. Hata hivyo, kitufe kikishaachwa hurudi mahali pake, wala hakisemi lolote. Baada ya kubonyeza mara nne au tano, kidole hakijui tena kama injini imepewa nguvu nusu au nguvu zote. Lazima macho yatafute jibu katika kona ya kioo, na wakati huo hayatazami reli wala ishara. Mpini hauko hivyo. Ukiusukuma hadi nusu, hubaki nusu. Kiganja kinajua, na macho yamebaki njiani. Tofauti hii ni ndogo kuieleza, lakini mtu aliyeendesha kwa njia zote mbili hawezi kuisahau.

Funzo kubwa zaidi limo katika mpini wa breki. Yafaa tueleze kwanza jinsi breki ya treni inavyofanya kazi, kwa kuwa wengi hudhani ni kama ya gari. George Westinghouse wa Marekani alianza na breki ya hewa mwaka 1869, na kufikia mwaka 1872 alikuwa amebuni ile ijiendeshayo yenyewe. Bomba moja lililojaa hewa iliyoshindiliwa hupita chini ya mabehewa yote, na kila behewa lina tangi lake la hewa. Dereva anapotaka kupunguza mwendo haongezi hewa katika bomba, bali huipunguza. Upungufu huo ukilifikia behewa, vali hufunguka, na hewa ya tangi husukuma breki zikabana magurudumu. Ndiyo maana bomba likikatika treni hujisimamisha yenyewe. Lakini upungufu huo huchukua muda kusafiri kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho. Dereva huvuta mpini, na kwa sekunde kadhaa haoni badiliko kubwa. Akikosa subira akavuta tena, breki zote mbili humfikia pamoja, na treni husimama mbali kabla ya stesheni. Akifungua na kufunga mara kwa mara, matangi huishiwa hewa kabla ya kujazwa upya.

Siku za jioni tulikuwa tukiwakaribisha wanachuo wachache wajaribu kifaa hiki. Mmoja wao alikuwa amerudi kutoka mazoezi ya kufundisha na huzuni nyingi, akisema kwamba huenda kazi hii si yake. Katika kila ripoti aliandikiwa jambo moja: anauliza maswali mazuri, lakini anayajibu mwenyewe. Alikuwa ameelezwa kosa hilo kwa maneno mara tatu, na mara zote tatu alikubali, akaandika katika daftari, akarudi darasani na kulirudia.

Kijana huyo alipoketi kwenye mipini, alivuta breki, akaona treni bado inakwenda, akavuta tena, kisha tena. Treni ikasimama mabehewa yote yakiwa nje ya stesheni. Wenzake wakacheka. Aliomba kurudia, na mambo yakawa yale yale. Mara ya tatu alivuta kidogo, kisha tukaona vidole vyake vimekaza mpini bila kuusogeza, na midomo yake ikihesabu. Treni ikapunguza mwendo polepole. Hakusimama mahali penyewe hasa, lakini alikuwa amesubiri. Sisi hatukumwambia lolote juu ya darasa.

Muhula uliofuata tulikaa nyuma ya darasa lake la Hisabati. Aliuliza robo tatu ya 20 ni ngapi, kisha akanyamaza, na vidole vyake vikakaza ukingo wa meza. Kimya kikawa kirefu. Mikono miwili ya mbele ikainuka, naye hakuichagua. Kisha mtoto wa dawati la mwisho, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akainua mkono. Mary Budd Rowe, mtaalamu wa elimu ya sayansi wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya watoto hurefuka na wanaojibu huongezeka. Kijana wetu alikwisha kuisoma habari hiyo chuoni. Hatusemi kwamba mpini ulimfanya mwalimu. Alijitahidi mwenyewe, na wakufunzi wake walimsaidia. Tunasema tu kwamba subira aliyokuwa ameiandika daftarini, siku ile aliishika kwa mkono.

Hapa ndipo tunapopata kanuni yetu. Zana hufundisha inaposhikwa na yule anayejifunza, na inapofanana na kazi mahali pale penye funzo. Si lazima ifanane nayo pengine popote. Mfano mzuri ni wa Edwin Link, aliyefanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha vinanda mjini Binghamton, New York. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alitengeneza ndege ya kujifunzia isiyoruka, akitumia mivukuto na pampu za hewa za vinanda. Ilikuwa sanduku lenye mabawa mafupi, na wateja wake wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani. Mwaka 1934 marubani wa jeshi la Marekani walipewa kazi ya kubeba barua, na kadhaa wakafa katika hali mbaya ya hewa; ndipo jeshi liliponunua masanduku sita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mamia ya maelfu ya marubani walijifunza ndani ya masanduku ya namna hiyo. Halikufanana na ndege kwa macho. Lilifanana nayo katika jambo moja lililokuwa likiua watu, nalo ni kuongoza kwa vipimo wakati macho hayaoni nje.

Kwa sababu hiyo hiyo yafaa kutaja upungufu wa kifaa chetu. Mipini yake ni myepesi, haisukumwi na hewa yoyote, kiti hakitikisiki, na treni ikipita ishara nyekundu hakuna anayeumia. Hakimfanyi mtu kuwa dereva. Mwalimu anapoleta zana darasani aseme wazi inafanana na nini na haifanani na nini, ili mtoto asije akadhani dunia ni mpira wa plastiki uliowekwa juu ya kijiti.

Sasa turudi kwenye watoto sabini. Sisi tulikuwa na kifaa kimoja na wanachuo wanane, na hakuna aliyekaa bure. Mmoja aliendesha. Wa pili alitazama njia na kutamka kila ishara kwa sauti huku akiinyoshea kidole, kama wafanyavyo watumishi wa reli wa Japani. Wa tatu alishika saa, wa nne aliandika kasi kila nusu dakika, na wengine walikadiria kwa siri treni itasimama wapi, kisha makadirio yakalinganishwa. Baada ya kila stesheni walibadilishana. Wajapani wenyewe wameufanya usimamishaji huu kuwa kiini cha mchezo wao Densha de Go!, uliotolewa na kampuni ya Taito mwaka 1996. Wakati ule mchezaji alishika mpini wa nguvu kwa mkono wa kushoto na wa breki kwa mkono wa kulia, akitakiwa kusimama mahali panapotakiwa na kwa saa inayotakiwa.

Shule isiyo na kompyuta hainyimwi somo hili. Chukua mabomba mawili mapya ya sindano, yasiyo na sindano zake, uyaunganishe kwa mpira mwembamba. Yakiwa na hewa, mtoto akisukuma la kwanza, la pili huchelewa kidogo kuitika. Yakijazwa maji, huitika papo hapo. Mpe kila mtoto ayasukume, kisha muulize kwa nini. Kwa Hisabati, chukua treni iendayo kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kila sekunde. Ikiwa breki huchukua sekunde 5 kubana, treni itakuwa imekwenda mita 100 kabla haijaanza kupunguza mwendo. Watoto wazipime mita hizo uwanjani kwa miguu yao. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zimekuwa zikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na watoto wengi huishi karibu na reli hiyo. Kwao hesabu hii ni kinga ya maisha, kwa maana mtoto anayevuka reli hudhani kwamba dereva akimwona atasimama.

Ndugu mwanachuo, utakapoandika andalio la somo lako lijalo, usiridhike kutaja jina la zana katika nafasi yake. Andika pia itashikwa na nani, kwa dakika ngapi, na wengine watakuwa wakifanya nini wakati huo. Ikiwa unahofia itavunjika, tengeneza mbili za mbao au za boksi, na ile nzuri uitumie mwisho. Zana zitavunjika mara kwa mara hata hivyo. Weka gundi na misumari kabatini, mahali zilipokuwa zimefungiwa zana.